Mgongo wa Mama Sombo na Amortiseri za Kabwe

Siku niliyorudisha funguo za kabati langu la spana, mliniambia: Tata Ilunga, tuandikie kidogo kabla hujasahau. Sijasahau kitu. Ila asubuhi hizi mke wangu ananituma kutengeneza mlango wa banda la kuku, na nimeona heri nishike kalamu. Kwa hiyo nakuandikia wewe Odette, uliyerithi meza yangu ya kazi, na wenzako wote wa garaji yetu ya njia ya Musonoi. Habari za vyeo sitaandika, maana nilipewa viwili tu, na kimoja kilikuwa cha kusimamia chai. Mishahara ni siri ya mtu na mke wake. Nitaandika juu ya amortiseri, zile ambazo wenzetu wa Tanzania huziita shokapu, kwa sababu ndizo zilizonilisha miaka yote hii, na ndizo zilizonitia aibu kubwa kuliko nyingine yoyote niliyoipata kazini.

Nilianza kazi nikijua kila kitu. Hivyo ndivyo nilivyodhani, kwa kuwa nilikuwa nimefungua injini moja na kuifunga, na ikawaka, japo zilibaki nati mbili mkononi. Siku ya kwanza mkubwa wa garaji alinituma stoo kuchukua amortiseri za nyuma za pikapu moja nzee. Mwenye stoo alikuwa Mama Ngoie, mwanamke mpana wa kaskazini ya Katanga, miwani yake imefungwa kwa uzi na penseli imechomekwa nyweleni. Nikamtajia aina ya gari na jina la mwenye gari, nikasimama kama mtu aliyemaliza kazi.

"Mutoto," akasema, "mi sikukuuliza motokari ni ya nani. Iko na urefu gani?"

"Urefu wa nini, Mama?"

"Wa amortiseri. Kutoka jicho ya juu paka jicho ya chini. Enda upime, utarudia."

Jicho ni lile tundu la kila mwisho linalopitisha bolti. Nikapima gari likiwa limesimama, nikarudi. Akanirudisha nikalinyanyue kwa jeki mpaka ekseli ining'inie, nipime tena. Nikarudi. Akanirudisha mara ya tatu nikapime umbali uliobaki pale ekseli inapogusa mpira wa kizuizi. Nilitembea kati ya stoo na pikapu mpaka soli ya kiatu ikaachama. Mwishowe akanipa amortiseri zenye jina la gari jingine kabisa, na zikaingia kama zilizaliwa hapo. Nilipomuuliza, akanijibu bila kuinua macho: "Jina inasema motokari ilizaliwa namna gani. Mita inasema batu baliitendea nini."

Mama Ngoie hakuwahi kushika spana, lakini ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa anazipokea amortiseri zilizokufa na kuzisoma. Hii ilivuja mafuta kwa sababu fundi aliishika fimbo yake inayong'aa kwa koleo, ikapata mkwaruzo, na mkwaruzo ukachana mpira wa ndani. Hii ilichanika jicho kwa sababu fundi alikaza bolti gari likiwa bado juu ya jeki, liliposhuka mpira ukajisokota. Kazeni bolti gari likiwa limesimama juu ya matairi yake. Najua mnajua. Na mimi nilijua, na bado nilifanya mara mbili.

Kwa upande wa kuchagua iliyokufa kati ya nne, sikuwa na mashine, nilikuwa na kiganja. Pikapu nzito huwezi kuitikisa kwa kusukuma pembe kama gari dogo la harusi. Utaumia kiuno na yenyewe haitajua. Ipeleke kwenye njia mbaya kwa robo saa, irudi, uguse moja moja. Inayofanya kazi huwa na joto. Iliyo baridi ni mfanyakazi anayesaini daftari asubuhi kisha anakwenda kulala. Ukimpata, mbadilishe yeye na mwenzake wa upande wa pili, siku ile ile, hata kama mwenzake bado anajikaza. Wateja wengi wamenigombeza kwa hilo, na bado nalisema.

Lakini vita vyangu vikubwa na wateja vilikuwa juu ya jambo moja. Watu wa hapa wanaamini kwamba amortiseri ndiyo inayobeba mzigo, hivyo gari likizidi kulemewa, wanataka amortiseri nene zaidi. Amortiseri haibebi mzigo. Kinachobeba ni springi. Kazi ya amortiseri ni kuituliza springi baada ya kuruka, kama mama anavyomshika mtoto bega kanisani. Nimelisema hili kwa wachimbaji, kwa madereva, kwa katekista mmoja mwenye pikapu ya bluu, na wote waliitikia kwa kichwa kisha wakaomba ile nene.

Na tusiwalaumu sana. Pikapu nzee za Kolwezi hazijui maisha ya kwenda tupu. Zinachukua magunia ya mawe ya madini kutoka kwa wachimbaji mpaka kwenye depo ya wanunuzi, na ili mkia usiburuze chini, mwenye gari anaongeza mabapa ya chuma kwenye springi za nyuma, zile tunazoziita lame. Gari likiwa na magunia linakaa sawasawa. Likiwa tupu linanyanyua mkia kama bata aliyezamisha kichwa. Wenyewe wanaliona ni pambo. Ukiona mkia umesimama, ujue mwenyewe ana kazi.

Sasa nifike kwa Kabwe. Mnamjua wote: ni yule mwenye kicheko kinachotangulia kufika kabla ya gari lake. Mwaka wangu wa mwisho kazini alikuja mbio na magunia kumi na nane ya mawe nyuma, na kwa mara ya kwanza hakucheka. Mama yake, Mama Sombo, alikuwa ameteleza akiteka maji na kuumia mgongo. Daktari alimruhusu kusafiri, lakini awe amelala, na asirushwerushwe. Na safari ilikuwepo. Mjukuu wake Rebeka, yatima aliyemlea tangu akiwa na miaka mitatu, alikuwa anafundisha shule Kasaji na anaolewa huko Jumamosi ya wiki iliyofuata. Katika ukoo wao, aliyekulea ndiye anayekushika mkono na kukukabidhi kwa wakwe. Mwingine hawezi kumshikia nafasi. Treni ingeweza kumfikisha, lakini treni yetu haina haraka na mtu, na arusi ina siku yake.

"Tata Ilunga," Kabwe akaniambia, "weka amortiseri ya nguvu kabisa, ile ya matani. Mama yangu asisikie hata jiwe moja. Lakini fanya upesi, depo iko inafunga."

Nikaingia chini na mita. Za nyuma zote mbili zilikuwa zimevuja mpaka vumbi limeganda juu yake kama ugali. Nikapima kutoka jicho mpaka jicho: sentimita arobaini na sita. Safi kabisa, katikati ya mwendo wake. Nikachagua pea ya gesi, imara, inayofunguka mpaka hamsini na nane. Nilifanya kazi nzuri. Niliziacha zimefungwa utepe wake mpaka zilipokuwa mahali pake, nikakaza bolti gari likiwa chini, nikanawa mikono. Kabwe akaenda depo akicheka tena.

Jumapili baada ya ibada tukafanya jaribio. Godoro likawekwa nyuma, turubai juu, Mama Sombo akalazwa na binti zake wawili kando. Ni mwanamke mdogo wa mwili na mkubwa wa sauti, na fimbo yake haiachi. Mimi nikakaa mbele na Kabwe, nimevaa suti yangu ya kanisani, nikisubiri sifa. Lami ilipoisha tukapita shimo la kwanza. Tukasikia fimbo kwenye kioo cha nyuma. La pili, fimbo na kilio. Kabwe akasimama, tukakimbia nyuma.

"Kabwe!" mama yake akasema, machozi yanamtoka. "Uko unanibeba ao uko unanipiga?" Kisha akaniona mimi na suti yangu. "Aksanti, Tata Ilunga. Njia ya mbinguni ulinionyesha muzuri. Ya Kasaji njo ulisahau."

Binti zake walicheka kidogo, kisha wakaacha, maana yeye alikuwa ameufunika uso kwa kanga. Akasema polepole kwamba wampigie Rebeka simu, wamwambie bibi yake atambariki kwa telefone. Turudi nyumbani. Kilomita ile moja ya kurudi tuliiendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea. Sikuwahi kuona aibu kama ile. Miaka yote nimewaambia watu kwamba ufundi ni kumtuliza anayeruka, na nimemliza mama wa watu nikiwa ndani ya suti ya kanisani.

Jumatatu nikamwambia Kabwe alete gari tena, na safari hii nikapanda mimi juu ya godoro. Nilimwambia apite Musonoi, kwenye mashimo yote anayoyajua, na asinionee huruma. Nililala chali, mikono kifuani, macho nimefumba ili nisikilize vizuri. Sikufikiri naonekanaje. Waendesha pikipiki za taxi-moto walijisogeza pembeni kwa heshima. Mmoja akavua kofia. Tulipopunguza mwendo karibu na soko, nikasikia mama muuza mikate akipiga ukelele:

"Ule si tata wa amortiseri? Ni lini alikufa?"

Nikainua kichwa nikamwambia, "Sikufe, Mama. Niko nasikiliza."

Akakimbia akaacha karai la mikate barabarani. Ilibidi tusimame tuilinde mpaka aliporudi, na tukainunua yote.

Lakini nilikuwa nimesikia. Tairi lilipopanda jiwe, gari lilikuwa gumu, ndiyo, ila halikunipiga. Pigo lilikuja tairi liliposhuka shimoni. Ka! Chuma kwa chuma, mara zote upande wa kushuka. Mgongo wangu ukaelewa kabla ya kichwa. Nikaruka chini palepale, nikatoa mita, nikapima jicho mpaka jicho gari likiwa tupu, mkia juu. Hamsini na saba. Amortiseri inayoishia hamsini na nane ilikuwa imebakiwa na sentimita moja ya kushuka. Kila shimo ilikuwa inafika mwisho wa urefu wake na kumgonga aliye juu.

Mmeona kosa langu. Nilipima pikapu ikiwa na magunia kumi na nane. Hakuna fundi wa mji mwingine ambaye angefanya hivyo. Kwao pikapu huja garajini tupu. Sisi tumezoea kuiona imejaa mpaka tunadhani kujaa ndiyo hali yake. Kabwe aliniambia anambeba mama yake, nikasikia kwa masikio, na mkono ukampimia mawe. Nimezeeka ndani ya kazi hii na nimekosea kitu ambacho Mama Ngoie alinifundisha siku ya kwanza kwa kunitoboa soli.

Jioni ile nikaenda kwa Mama Sombo kukiri. Alikuwa amelala ubavu, akichambua maharage kwenye ungo kwa mkono mmoja.

"Mama, kosa ni yangu," nikamwambia.

"Minajua," akajibu. "Kabwe hana akili ya kunitesa vile yeye peke."

Nikamwomba siku tatu na jaribio la pili. Siku tatu akanipa. Jaribio akakataa. "Mi sijaribu tena. Nitapanda siku ya safari. Ikinitupa, nitashuka, na Rebeka atanisikia ku telefone." Nilitoka pale nikiwa sina usingizi hata wa kuazima.

Kazi ilianza na ugomvi. Nilimwambia Kabwe kwamba amortiseri pekee haitoshi. Zile lame mbili alizoongeza kila upande lazima zitoke. Springi ya kubeba tani haiwezi kumhisi mama wa kilo hamsini. Kabwe akashika kichwa.

"Malame ile njo kazi yangu, Tata. Bakamaradi batanicheka. Batasema Kabwe alianguka, mukia iko chini."

Nilikuwa natafuta neno la upole. Odette, wewe hukutafuta. Ulikuwa chini ya gari, ukasema kutoka huko huko: "Tata Kabwe, uko unabeba majiwe ao uko unabeba mama?"

Alilizunguka gari mara moja, akapiga teke tairi la nyuma, akasema, "Toshenyi." Tukatoa lame nne, tukaziandika jina lake kwa chaki, tukaziegemeza ukutani. Mkia ukashuka. Gari likaonekana kama lilivyokuwa kabla hajalinunua, na yeye akaligeuzia mgongo kidogo, kama mtu anayemwona mkewe bila kilemba kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

Nikapima upya, safari hii na mzigo wa kweli: wewe Odette juu ya godoro, maana mimi nilikuwa nimeshakufa mara moja na inatosha. Likiwa limesimama, hamsini. Ekseli ikining'inia, sitini. Ikigusa mpira wa kizuizi, arobaini. Kwa hiyo nilihitaji amortiseri inayofunguka zaidi ya sitini ili isifike mwisho, na inayojikunja chini ya arobaini ili isivunjike. Ya mafuta, laini, siyo ya gesi.

Kuuliza si ujinga, nikaanza kuuliza duka kwa duka. Duka la kwanza lilinionyesha moja nyekundu, nene kama paja. Nikamwambia muuzaji ni nzuri sana, ampe mwenye tembo. Duka la pili walikuwa na pea ya urefu ule ule niliotaka, inang'aa. Nikanusa: rangi mbichi. Nikakwaruza chini ya jicho kwa ukucha, kutu ya zamani ikaniamkia. Muuzaji akasema hiyo ni rangi ya kutu. Fundi kijana, piga picha ya mtu huyo kichwani, utakutana naye kila mahali. Duka la tatu, chini kabisa ya rafu, kulikuwa na pea ya aina nyingine ya gari, refu zaidi ya letu. Jicho upana ule ule, bolti ile ile. Ikifunguka, sitini na moja. Ikijikunja, thelathini na nane. Nilitaka kumbusu muuzaji, lakini alikuwa na ndevu.

Kabla ya kuzifunga tulizisimamisha wima, tukazivuta na kuzisukuma mara kadhaa mpaka hewa ikatoka na mkono ukahisi uzito sawa juu na chini. Msiache hatua hiyo kwa sababu ya haraka ya mteja. Tulipunguza upepo wa matairi kidogo. Magunia manne ya unga wa arusi tukayapanga nyuma ya kabini, na godoro tukaliweka kichwa mbele, mbali na mwisho wa mkia, kwa sababu anayelala nyuma ya ekseli ndiye anayerushwa zaidi. Kabwe alifunga kila kitu mwenyewe. Hakuturuhusu kugusa kamba.

Alhamisi kulipopambazuka nikaenda kuwaaga. Mama Sombo alipandishwa na watu wanne, amevaa kitenge kipya, fimbo mkononi. Akaninyoshea hiyo fimbo.

"Tata Ilunga, umelala?"

"Hapana, Mama."

"Muzuri," akasema. "Sawa tu miye, sikulala."

Wakaondoka. Mimi nikaenda kazini, nikafungua injini moja ambayo haikuwa na shida, nikaifunga. Sikula. Simu niliiweka juu ya meza, naiangalia kila baada ya dakika. Njia ya Kasaji ni ya siku nzima, na sehemu kubwa haina mtandao. Nilihesabu mashimo kichwani: sasa wako kwenye mawe makubwa, sasa wako kwenye yale makorongo ya mvua. Kama angeshuka, angeshuka hapo. Odette, ulinikataza kuzungukazunguka, ukasema natoboa sakafu.

Simu ililia saa tisa na nusu alasiri. Alikuwa Kabwe, na sauti yake ilikuwa imevunjika. Nikamwambia aseme haraka.

Akasema mwanzoni mama yake alikuwa anagonga kioo mara kwa mara, siyo kwa maumivu, ila kumwambia apunguze mwendo, asalimie fulani, aangalie mbuzi. Walipoingia kwenye makorongo, yale mabaya kabisa, kugonga kukakoma. Kabwe akaenda mbele kidogo akisikiliza. Kimya. Akaita kutoka dirishani. Kimya. Akasimamisha gari katikati ya njia, akaruka, akafunua turubai. Mama yake alikuwa amelala chali, mdomo wazi, fimbo imemtoka mkononi. Akamwita mara tatu. Akamshika mguu akautikisa.

Mama Sombo akafumbua jicho moja.

"Tulifika?"

"Hapana, Mama. Bado."

"Sasa unanilamushia nini?" akasema, akavuta kitenge mpaka shingoni, akafumba macho tena.

Kabwe aliniambia alikaa chini kando ya tairi la nyuma, akalia, kisha akacheka, kisha akainuka akaendesha mpaka Kasaji bila kupiga honi hata mara moja.